Kujifunza miti ya dawa kwa kikundi: sie tulivyoanza Muheza, na nyie mnavyoweza kuanza

Siku ya pili tu ya kikundi chetu nusura tunywe sumu kwa hiari yetu wenyewe, tena na sukari. Ilikuwa zamu ya mnanaa, kitu rahisi kabisa, nani hajui chai ya mnanaa, basi tukamtuma kijana wetu mmoja alete fungu, yeye mnanaa anaujua wa kwenye pakiti tu, akamuuliza mzee mmoja njiani, mzee kwa kusikia kwake akaelewa mnanaha, akamwonyesha kule nyuma ya jalala, kijana akavunja matawi mawili akaja nayo huku anatabasamu. Sufuria ishachemka. Bibi wa kikundi, ana miaka sabini na kitu na kila kikao anakaa kwenye kigoda kilekile, akachukua jani moja akalifikicha, akanusa, akalitupa chini na kujifuta mkono kwenye kanga. "Mnanaa unanukia. Hili linanuka."

Kama huujui, mnanaha ndo ule mmea wenye maua marefu kama tarumbeta na tunda la mviringo lenye miba. Ukiunywa mdomo unakauka, mboni za macho zinatanuka, moyo unaenda mbio, mtu anaanza kuongea na watu ambao hawapo, na wengine hawarudi. Herufi moja tu katikati. Na kilichoniuma zaidi mie ni kwamba tungeweza kuujua hata kwa kidole, maana bua la mnanaa ukilizungusha kidoleni lina pembe nne na majani yake yanakaa mawili mawili yakitazamana, mnanaha bua la duara na majani yanapishana. Watu sita tumekaa hapo na hakuna aliyeangalia, wote tulikuwa tunabishana unatibu nini.

Tangu siku hiyo tukapiga marufuku swali la "unatibu nini" nusu saa ya kwanza ya kikao. Haya ninayoandika ndo utaratibu tuliofika nao baada ya mwaka na nusu, mchukue mnachotaka.

Watu kwanza

Muwe watano mpaka wanane. Mkizidi hapo inageuka vikoba, michango inaanza na miti inasahaulika. Mnahitaji mtu mzima mmoja anayeijua miti kwa macho na pua, si lazima awe mganga, bibi yeyote aliyelea watoto kijijini kabla zahanati haijafika anatosha na kuzidi. Mnahitaji mtu wa afya, sie tuna nesi mstaafu, huyu ndo breki ya gari, kila tukipanda mzuka yeye anauliza "na mwenye mimba je?" Mnahitaji mtu mwenye simu yenye kamera ya maana, na mtu mwenye mwandiko unaosomeka. Mie ndo wa daftari. Na wekeni kijana angalau mmoja hata kama anakuja kwa ajili ya vitumbua, kwa sababu hawa bibi zetu wakiondoka wanaondoka navyo vyote.

Kuhusu huyo mzee wenu, nendeni kwake kwa adabu. Shikamoo, kaeni, ulizeni hali ya nyumbani, sukari kilo na majani ya chai mkononi, alafu siku hiyo msiulize kitu. Siku ya pili ndo mseme shida yenu. Msimwashie kamera usoni bila kuomba, na akisema dawa fulani hii ni ya ukoo wetu haitoki nje, iacheni, wala msimzunguke kupitia mjukuu wake. Kuna nyumba dawa inatolewa kwa ada na kwa ruhusa ya waliotangulia, ukiichukua kimyakimya kwao umeiba hata kama hujabeba kitu mkononi.

Anzieni jikoni, msitu utawasubiri

Kosa la wengi ni kutaka kuanza na mizizi ya ajabu ajabu, mkuyati na ndugu zake (wanaume wa kikundi chetu waliupigia kura mara tatu, ukashindwa mara tatu). Sie tuliandika orodha ya vitu kumi ambavyo kila mmoja anavyo nyumbani au kwa jirani: tangawizi, kitunguu saumu, karafuu, manjano, mchaichai, mpera, mlonge, kivumbasi, shubiri, mwarobaini. Mmea mmoja kwa wiki mbili, basi. Wiki ya kwanza kuutazama na kuusikia kwa wazee, wiki ya pili kusoma na kulinganisha.

Ukianza na hivi unakuta kumbe hujui hata ulivyozoea. Karafuu kwa mfano, wote tunajua ukiumwa jino unauma karafuu, lakini nesi ndo akatuambia ile ganzi inatokana na mafuta yaliyomo, yanaitwa yujenoli, na madaktari wa meno nao wanayatumia, na kwamba karafuu inatuliza maumivu tu, jino lililooza linabaki limeoza. Shubiri nayo, mie nilikata jani nikalisaga lote na blenda na ule ute wa njano unaotoka chini ya ganda, nikanywa kikombe kizima kwa sababu mtu kaniambia inasafisha tumbo. Imesafisha kweli, usiku mzima nahesabu safari za chooni. Ule wa njano na ile nyama nyeupe ya ndani ni vitu viwili tofauti kwenye jani moja, wa njano unaendesha vibaya mno, ile nyeupe ndo watu wanapaka kwenye ngozi iliyoungua kidogo. Kwa hiyo mkiandika "shubiri" kwenye daftari bila kusema sehemu gani hamjaandika kitu.

Kikao kinavyokwenda

Tunakutana Jumamosi asubuhi, mahali mmea ulipo, sio sebuleni. Dakika thelathini za mwanzo hakuna kuongea habari ya ugonjwa. Kila mtu anashika, anakunja, ananusa, anaangalia chini ya jani na juu ya jani. Majani yanatazamana au yanapishana? Ukingo laini au una meno kama msumeno? Ukivunja kuna utomvu, mweupe au maji tu? Gome likoje ukilikwangua kidogo kwa kucha? Utomvu mweupe sie tunauchukulia kama taa nyekundu mpaka ijulikane vingine, maana utomvu wa mnyaa wa kwenye uzio ukikuingia jichoni utakumbuka jina lake maisha yako yote. Na kuonja hakuna, mmea usioujua hauonjwi hata kidogo, hata kwa ncha ya ulimi.

Alafu tunafanya mtihani. Mtu mmoja anafunga macho kwa mtandio, anapewa majani manne afikiche na kunusa, aseme kipi ni kipi. Inachekesha lakini inafundisha kuliko picha mia. Mtihani mwingine ni wa mapacha, yaani kila mmea unaojifunza tafuta ule unaofanana nao uweke pembeni. Mwarobaini una pacha wake, mmelia, ukiwa mbali utasema ni ndugu mmoja, lakini majani ya mwarobaini yamepangwa pande mbili za kijiti kimoja, ya mmelia kile kijiti kinagawanyika tena kuwa vijiti vingine, na matunda ya mmelia ni sumu kwa mtu. Sasa fikiria mtu anayechuma usiku na tochi.

Majina yatawachanganya, na ni kawaida

Hapa kwetu kwenye kikao kimoja kuna Mbondei, Msambaa, Mzigua, Mdigo na mchumba wa mtu kutoka Moshi, mti mmoja unapata majina matano kabla chai haijapoa. Na kuna kinyume chake, jina moja miti mingi. Kivumbasi ni mfano mzuri, wanaoitwa kivumbasi ni zaidi ya mmoja, wote ni wa ukoo wa mrehani, harufu zinakaribiana lakini hazilingani, wa kwenu na wa kwetu si lazima uwe mmoja. Ndo maana tunaandika majina yote ya nyumbani tunayosikia na nani kalisema, alafu mstari wa mwisho jina la kisayansi. Usiliogope, huna haja ya kulitamka vizuri, ni kama namba ya kitambulisho cha NIDA ya mmea tu.

Umuhimu wake niliuona kwa ile habari ya kikombe cha dawa ya mti cha Babu wa Loliondo, mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile, mwaka 2011, kikombe shilingi 500 na foleni ya magari ya kilomita na kilomita kwenda kijijini kwake Samunge. Huku kwetu watu waliuliza mti gani huo, wakaambiwa mugariga, wakaona ni mti wa kimiujiza wa mbali. Kumbe ni Carissa, sie pwani tunauita mtandamboo, watoto wanakula matunda yake wakitoka shule. Watu wangejua hivyo labda nauli isingewatoka. Na wapo walioacha ARV na dawa za sukari kwa ajili ya kikombe kile, hilo nitalirudia chini.

Mkikwama kabisa na jina, kausheni sampuli. Tawi lenye majani na maua (au matunda), si jani moja, liweke kati ya magazeti, juu yake kadibodi na tofali, badilisha magazeti kila siku mpaka likauke, alafu bandika karatasi: limetoka wapi, tarehe, urefu wa mti, rangi ya ua likiwa bichi maana likikauka rangi inakimbia. Sampuli ya hivyo mtaalamu wa mimea anaweza kuitambua, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wana hebariamu, yaani maktaba ya mimea iliyokaushwa. Picha ya simu iliyopigwa mtu akiwa anatembea haimsaidii yeyote.

Daftari lenye safu nne

Hii ndo kazi yangu kwa hiyo nivumilieni. Kila mmea una kurasa mbili. Safu ya kwanza, sehemu gani na imefanywaje. Ya pili, wazee wanasema nini, na jina la aliyesema. Ya tatu, utafiti unasema nini. Ya nne, nani asitumie. Safu ya tatu ikibaki tupu iacheni tupu, msijazie kwa maneno ya kwenye klipu za "faida 37 za".

Mpera wetu unasomeka hivi. Majani machanga, yamechemshwa. Bibi: tumbo la kuendesha, mkubwa kikombe, mtoto nusu. Utafiti: majani yana tanini, yamefanyiwa majaribio kwa kuharisha na matokeo yanatia moyo. Tahadhari, kwa mwandiko wa nesi mwenyewe na kalamu nyekundu: mtoto anayeharisha anauawa na kupungukiwa maji, ORS na zinki kwanza, damu kwenye choo au macho kuingia ndani peleka kituo cha afya saa hiyo hiyo. Bibi hakufurahi siku ile, kasema watoto wake tisa wote walikunywa mpera. Wote wawili tumewaandika.

Safu ya "imefanywaje" msiipuuze, nayo nina sababu. Pakanga, ile artemisia, ndo iliyotoa dawa ya mseto tunayomeza kwa malaria. Mama mmoja wa Kichina, Tu Youyou, aliitafuta na timu yake miaka ya 1970, mwanzo dondoo zao hazikuwa na nguvu ya kueleweka, mpaka aliporudi kwenye maandishi ya zamani ya zaidi ya miaka 1,600 akakuta wanasema loweka kwenye maji, ukamue, unywe. Hakuna kuchemsha. Akashtuka kwamba huenda moto ndo ulikuwa unaiua dawa, akatumia njia isiyo na joto kali, ikakubali, na mwaka 2015 akapewa Nobel. Sasa wewe unamuuliza bibi "jani gani" alafu unaondoka kabla hajasema lilifanywaje. Na kabla hujakimbilia kupanda pakanga ili unywe chai yake, Shirika la Afya Duniani halishauri hiyo chai kwa malaria, kiasi cha dawa kwenye kikombe hakijulikani na mara nyingi hakitoshi, na dozi isiyotosha inawafundisha vimelea usugu. Homa ni kutoboa kidole, kupima, kumeza mseto kama malaria ipo. Hapo kikundi chetu hakina kura.

Kuchuma, kukausha, kupika

Jani lichumwe asubuhi umande ukishakauka, si kando ya barabara kuu wala shamba lililopigwa dawa jana. Gome likatwe upande mmoja tu, kipande kidogo, ukilizungusha shina lote umeua mti, hiyo ndo habari ya Prunus africana wa milimani, gome lake linauzwa nje kwa dawa ya tezi dume, umekwanguliwa mpaka tangu 1995 biashara yake ya kimataifa inadhibitiwa kwa mkataba wa CITES, ule wa kulinda mimea na wanyama walio hatarini. Mzizi chukua wa pembeni, fukia shimo. Bora zaidi panda wako: mchaichai unagawa shina, shubiri unang'oa kichipukizi pembeni, mlonge hata fimbo ukiichomeka mvua za masika inashika.

Kukausha, usianike juani juu ya bati kama mie nilivyofanya na kivumbasi, kilikauka kwa siku moja, kikawa kahawia na harufu yote imepaa. Kivulini, kwenye ungo, penye upepo, geuza mara mbili kwa siku, mpaka jani livunjike kwa mlio. Usifungie kwenye mfuko wa plastiki likiwa na unyevu, litaota ukungu na hilo ni la kutupa, usilipepete ukasema limepona. Chupa kavu au bahasha ya karatasi, jina, tarehe. Likifika mwaka, kwenye mbolea.

Mapishi: mizizi na magome yanachemshwa taratibu, majani yenye harufu unayamiminia maji ya moto na kufunika, ukichemsha mchaichai bila mfuniko dawa yote iko darini, wewe unakunywa maji ya kijani. Kipimo ndo penye vita. Wazee wanasema konzi. Konzi ya nani? Tulipima kwa mizani ya duka, konzi ya bibi gramu 11, ya yule kijana gramu 26, mara mbili na ushee kwa jani lilelile. Sasa tunaandika gramu, na konzi tunaiandika pembeni kwa heshima.

Mipaka, na hapa msibishane

Kikundi cha kujifunza hakitibu watu. Jirani akija analalamika presha, mpeni kiti, mpeni chai, mwambieni aende kliniki. Kutibu na kuuza dawa ni kitu kingine, kina sheria yake ya mwaka 2002 na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, mtu anasajiliwa. Mkitaka kufika huko pitieni mlangoni.

Wasiojaribiwa chochote: wajawazito, watoto wachanga, wenye ugonjwa wa figo au ini. Mafuta ya mwarobaini mtoto asinyweshwe kabisa, watoto wamepata degedege kwa hayo. Dawa ya kikohozi ya asali na tangawizi ni nzuri, lakini asali haipewi mtoto chini ya mwaka mmoja hata kwa kulambishwa. Mizizi ya mlonge si majani ya mlonge, majani ni mboga, mizizi mjamzito aiogope. Anayetumia dawa za kuyeyusha damu, au anayesubiri upasuaji, amwambie daktari kama anakula vitunguu saumu kwa wingi. Na mtu wa ARV, sukari au presha haachi vidonge vyake kwa sababu ya jani lolote, na akinywa jani amwambie daktari wake. Wengi wanaficha wakiogopa kufokewa. Nesi wetu anasema yeye alifoka sana enzi zake, na anajuta, maana wagonjwa hawakuacha dawa za miti, waliacha kumwambia tu.

Mengine madogo. Anzeni vuli au masika, kiangazi mtakuwa mnajifunza vijiti. Grupu la WhatsApp liwe la picha za mimea na tarehe za vikao tu, admini awe mkali, atakayeforwadi "daktari wa India afichua" anunue vitumbua vya kikao kinachofuata. Mkiwa karibu na huku Tanga changeni nauli mpande Amani, bustani ya miti iliyoanzishwa na Wajerumani 1902, mtaona mkwinini wenyewe, gome lake ndo lilikuwa dawa ya malaria kabla ya hizi zote, ila pale ni hifadhi, mnatazama na kupiga picha, hamchumi hata jani. Bibi wetu alipanda mpaka juu na kigoda chake.

Jumamosi hii zamu ya mchunga. Bibi anasema unashusha presha, nesi anasema safu ya tatu iko tupu. Wamekubaliana kila mtu aje nao umeshapikwa wa nazi kama kwao wanavyopika, na nesi anakuja na mashine yake ya kupimia presha, atupime kabla na baada. Nimeshamwambia kupima mara moja hakutathibitisha kitu, akasema anajua, anataka tu kuona presha ya bibi.